Ufunguo wa Ijumaa Jioni

Mwaliko ulikuja kwa simu, katika kundi la wasichana niliosoma nao, ingawa kati yetu hakuna aliyebaki msichana. Shule ilikuwa imejenga bwalo jipya, nasi wanafunzi wa zamani tulitakiwa kufika kulifungua, kula, kupiga picha, na kumsikiliza mgeni wa heshima akizungumza juu ya ari ya mwanafunzi na njia ya kwenda chuo kikuu. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Nilisoma neno hilo mara mbili, nikasubiri mtu aseme kitu. Hakuna aliyesema. Mmoja aliuliza rangi ya leso, mwingine akauliza kama kutakuwa na kuku wa kienyeji, wa tatu akataka kujua kama waume wanaruhusiwa au wabaki nyumbani wachunge mbuzi. Rispa, ambaye yumo kundini na kwa kawaida haandiki chochote isipokuwa pole za msiba, aliandika jioni: "Mbarikiwe. Mimi sitaweza." Mtu akamtumia kile kikaragosi kinachotoa machozi, na mazungumzo yakarudi kwenye kuku.

Nilikwenda. Ninaishi Homa Bay, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kuandika habari za watu wengine: vikao vya kaunti, bei ya samaki, matokeo ya mitihani kila yanapotangazwa. Kazi hiyo hukuzoesha kuhudhuria hata pale usipopapenda, na kukaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Habari za ukoo wetu nitaziacha, kwa kuwa hazina neno katika kisa hiki. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa kidato cha nne, nilipolala kitanda cha juu na Rispa akalala cha chini, katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Migori. Nimeandika matokeo ya mitihani ya watoto wengi tangu wakati huo, na kila mara nilipoandika kwamba fulani alifaulu kwa sababu alikuwa na bidii, mkono wangu ulisita kidogo. Sababu ya kusita ni mwaka ule.

Bweni letu lilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, chenye madirisha madogo upande wa barabara iendayo Isebania. Malori ya mpakani yalipopanda mlima, vitanda vya chuma vilitetemeka na vikombe vya bati vikagongana juu ya masanduku. Siku zote za wiki zilifanana: uji wa asubuhi, mahindi na maharagwe ya mchana, ugali na sukuma wiki jioni, na baada ya hapo masomo ya usiku ya lazima, mwalimu wa zamu akipita na kiboko chini ya kwapa. Ijumaa jioni peke yake ndiyo iliyokuwa na mwendo wake. Wasichana Wasabato, na kwetu walikuwa wengi, waliwahi bombani kabla ya wengine, wakachota maji ya siku mbili, wakafua, wakapiga sketi pasi ya makaa. Kila kazi ilipaswa kwisha kabla ya jua kutua, kwa sababu jua likitua Sabato imeingia, na mpaka litue tena Jumamosi hakuna kazi, hakuna biashara, wala kitabu cha shule. Wengi wao walivisukuma vitabu chini ya mto na kuvisahau. Rispa hakuwa na uwezo huo wa kusahau. Alivikusanya vyote, akavipanga katika sanduku lake la bati, cha fizikia juu kabisa, akafunga kufuli, kisha akanyoosha mkono hadi ukingoni mwa kitanda changu. "Nyar Kadem, shika," alisema. Ndivyo alivyoniita, binti wa Kadem, nami nikimwita Nyar Gwassi, kwa desturi yetu ya kumwita mwanamke kwa jina la kwao. "Nikikuomba kabla ya jua la kesho kutua, ninyime. Hata nikilia."

Mimi ni Mkatoliki, na ufunguo ule haukunilemea. Niliuvaa shingoni pamoja na rozari. Hakuwahi kulia, ila Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alikaa kitandani kwake, akakitazama kitanda changu kutoka chini, akaniomba nimsomee tu swali moja la jiwe linaloteremka mbao zilizoinamishwa. Hakutaka kitabu, alitaka kusikia namba. Nikakataa. Akacheka, akasema Mungu amemwekea askari Mkatoliki. Jua lilipotua alifungua sanduku kabla hata hatujasikia kengele ya chakula, akaandika jibu lote bila kusita mahali popote. Nikamuuliza kama kufikiri si kazi. "Kichwa hakina kufuli," akasema. Jumapili, sisi tulipojipanga kwenda misa, yeye alibaki na meza nzima ya darasani. "Leo ni zamu yangu," alituambia. "Nendeni mkasinzie kwa padri." Kulikuwa na msichana mmoja mwenye ulimi mkali, Beryl, aliyependa kumuuliza kama Mungu wa Wasabato ndiye atakayesahihisha mtihani wa taifa. Rispa alimjibu kwamba Mungu hasahihishi mtihani, huwasahihisha wasahihishaji. Alitaka kuwa mhandisi wa maji. Kwao Gwassi wanawake walilishuka bonde zima kufuata maji, na alikuwa ameshachora, katika kurasa za nyuma za daftari la hesabu, bomba ambalo lingeyapandisha.

Bwana Kiilu alikuja mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa akisomea udaktari wa elimu katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na ingawa shahada hiyo hakuwa ameipata, mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, alimwita Daktari tangu siku ya kwanza. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeusi alivyovipangusa kwa karatasi kila alipotoka matopeni, na alisalimia wapishi. Alitaka kujua kwa nini wanafunzi wa shule moja, wanaokula chungu kimoja na kufundishwa na mwalimu mmoja, wengine hufika chuo kikuu na wengine hubaki njiani. Wazo lake lilikuwa zuri, na hata leo naliona zuri. Alisema ari ya mwanafunzi haiwezi kupimwa kwa kumuuliza, kwa kuwa kila anayeulizwa atasema anapenda kusoma, wala kwa kumtazama akisoma kwa kuogopa kiboko. Ari hupimwa kwa kile anachokifanya mtu wakati hakuna anayemlazimisha. Basi aliomba apewe saa ambazo masomo yalikuwa ya hiari, na shule ilikuwa nazo mbili tu, kwa sababu Jumatatu hadi Alhamisi jioni ilikuwa lazima, na Jumapili ilikuwa ya misa na wageni. Saa hizo zilikuwa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi.

Nilikuwa kiranja wa maktaba, na mahojiano yalifanyika katika stoo ya vitabu, baina ya kamusi zilizoliwa na mchwa na mipira ya netiboli isiyo na upepo. Ni mimi niliyempelekea chai. Wiki zilivyopita nilimwona akiingia madarasani Ijumaa na Jumamosi, akisimama nyuma kimya, akitia alama, akatoka. Nilingoja aulize. Mtu wa kwetu angeuliza, au nilidhani hivyo. Lakini alikuwa na walimu wa kwetu pembeni yake kila siku na hakuna aliyemwambia. Hatimaye nilimwambia mwenyewe, birika mkononi. Nilimweleza kwamba viti alivyoviona vitupu Ijumaa ni vya Wasabato, na kwamba kuna msichana mmoja ambaye hulazimika kuvifungia vitabu vyake na kutoa ufunguo, la sivyo angevisoma. Nikautoa ufunguo shingoni nikamwonyesha. Aliutazama kwa furaha ya kweli. "Hiki ni kisa kizuri sana," alisema. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mdogo wake, kwamba utafiti hauwezi kufuata kisa cha kila mtu, kwamba kipimo kikishawekwa hakibadilishwi katikati, na kwamba vijambo vidogo vya namna hii hupotea katika hesabu kubwa. Nilimuuliza kama hesabu ya shule yetu ni kubwa. Akacheka, akasema nitafaa kuwa mwandishi wa habari. Katika yote aliyoyasema, hilo ndilo lililotimia.

Alituweka katika makundi matatu: wenye ari ya juu, ya kati na ya chini. Majina yalikuwa siri, alisema, na naamini kwa upande wake yalikuwa siri. Lakini ofisi ya Madam ilitenganishwa na maktaba kwa ukuta wa ubao laini ulioacha pengo juu, na nilikuwa ngazini nikipanga rafu ya juu walipozungumza. Nilimsikia Bwana Kiilu akieleza kwamba wale wa kundi la chini walikuwa na alama za chini katika majaribio ya Jumamosi. Majaribio hayo yalitolewa katika masomo ya Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa Rispa na wenzake hawakuyafanya, waliandikiwa sifuri. Madam hakuwa mjinga; alikuwa amekaa kwetu miaka ya kutosha kujua ni nani hawafanyi mtihani Jumamosi na kwa nini. "Kwa hiyo anayekuja Jumamosi anafaulu," alisema, "na asiyekuja anaiangusha shule." Bwana Kiilu alisema utafiti hausemi hivyo hasa. "Unasema nini basi, Daktari?" Akajibu kwamba unaonyesha uhusiano tu kati ya mambo mawili. "Uhusiano unanitosha," akasema Madam. "Mimi nina wastani wa kupandisha." Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. Nilitazamia Bwana Kiilu aseme neno moja, kwamba viti vile vitupu vilikuwa na sababu, kwamba ameambiwa. Alisema chai ya Migori ina maziwa mengi kuliko ya Nairobi.

Tangazo lilitoka gwarideni Jumatatu iliyofuata. Kwa kuwa utafiti wa chuo kikuu umethibitisha faida ya masomo ya hiari, alisema Madam, kuanzia sasa masomo hayo ni ya lazima kwa kila mtahiniwa. Sisi tulicheka kidogo kwa jinsi lilivyosemwa. Asiyeweza, akaendelea, usajili wa mtihani haujafungwa, na shule ziko nyingi. Jioni ile bweni lilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Wasabato walikaa kitanda kimoja cha pembeni wakinong'ona kwa Kidholuo. Wengi waliamua kwenda. Walisema watakaa darasani na Biblia mbele yao na Mungu anaona mioyo, na mimi sikuona kosa lao wakati huo wala silioni leo. Wawili walisema watawauliza wazazi. Rispa alikuwa akifanya hesabu za mwendo wa maji katika mrija, na alipomaliza ukurasa alipumua kama aliyeweka mzigo chini. Beryl, kwa mara ya kwanza bila mzaha, alimwomba aende tu, akae nyuma, alale. "Wewe ndiwe fizikia yetu," alimwambia. "Ukitoka wewe tutamuuliza nani, ukuta?" Rispa akamjibu kwamba ukuta una masikio, ni mwanafunzi mzuri.

Baba yake alikuja kutoka Gwassi, mzee wa kanisa, amevaa koti la suti lililozidi mabega yake na viatu vya raba. Madam hakujua Kidholuo, kwa hiyo yalisemwa kwa Kiswahili, na mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, nami nikiwa nimetumwa kuleta kiti cha ziada. Nilidhani amekuja kumtetea bintiye mbele ya mwalimu mkuu. Alikuwa amekuja kumtetea mwalimu mkuu mbele ya bintiye. Kwa sauti ya chini alieleza kwamba nyumbani hakuna shule nyingine yenye maabara, kwamba yeye mwenyewe amesali juu ya jambo hili, kwamba Bwana alisema kondoo akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa. "Rispa mama," alisema, akimwita hivyo kwa kuwa binti alirithi jina la mama mzazi wa mzee huyo, "wewe umetumbukia kisimani. Nakuruhusu utoke." Rispa alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. "Baba, sijatumbukia," akasema. "Nasukumwa." Madam alifunga faili. Mzee alimtazama bintiye kwa muda, na usoni mwake niliona fahari na hofu zikigombania mahali pamoja. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kuna gari la kurudi kupitia Homa Bay kabla ya jioni.

Mara nyingi nimeirudia picha hiyo ya chumba kile. Msichana aliyeandikwa kuwa hana ari alikuwa mtu pekee chumbani aliyejua anachotaka, vitu vyote viwili, Sabato na fizikia, na alikuwa tayari kulipia. Waliomruhusu kuchagua walijua kwamba chochote atakachochagua atapoteza. Watu husema mtoto wa maskini hukosa chuo kikuu kwa sababu ya umaskini, na mara nyingi ni kweli, nami nimeandika habari nyingi za namna hiyo. Lakini karo ya Rispa ilikuwa imelipwa.

Aliondoka Jumapili tukiwa misani. Hilo pia alilipanga, nadhani, ili kusiwe na kuagana. Niliporudi godoro lake lilikuwa limekunjwa, na alikuwa ameniachia kitabu cha mashairi kilichokuwa changu na kopo la sukari lililokuwa lake. Ufunguo alikuwa ameuchukua jana yake, baada ya jua kutua, kama kawaida. Ijumaa iliyofuata mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amesajiliwa katika shule ya kutwa huko kwao Gwassi, karibu na Magunga, majengo manne ya matope na moja la mawe lisilo na milango, upande ule ambao ukitazama chini unaona mbuga ya Ruma na moshi wa nyasi zinazochomwa. Nilifika Ijumaa mchana, na mama yake alikuwa tayari anapika chakula cha kesho: samaki aliyekaushwa kisha akatiwa katika mchuzi wa maziwa, mnavu uliochemshwa kwa chumvi ya majivu, ugali mweusi wa mtama na muhogo. Aliniwekea changu cha leo kikiwa moto, akaniambia nile mapema kwa sababu kesho nitakula baridi kama wao na nisije nikasema Gwassi hawana kuni. Rispa alinionyesha shule kwa maneno machache. Mwalimu wa hesabu alikuwapo, mwalimu wa kilimo alikuwapo, wa kemia alikuja alipopata gari. Wa fizikia hakuwapo na hakuwahi kuwapo, kwa hiyo somo hilo halikusajiliwa. Alisema hivyo kana kwamba anasema hapa hapaoti mahindi. Niliuliza uhandisi utaingiaje bila fizikia. "Hauingii," akasema. "Nyar Kadem, kula, samaki anapoa."

Jua lilipokaribia kutua alifanya yale niliyoyajua: aliteka maji, alipiga pasi, aliosha vyombo. Nilikaa kitandani kwake nikingoja. Sanduku la bati lilikuwa pale pale miguuni, na nilipoliangalia niliona halina kufuli. Kitanzi cha chuma kilikuwa wazi, kimeanza kutu. Vitabu vilikuwa juu ya meza, vimeachwa wazi, na hata chaki moja ilikuwa imetumika kuwekea alama ya ukurasa. Jua likatua. Waliimba, wakasali, Rispa akakaa nasi, na hata mara moja hakuigeukia ile meza. Nilimuuliza, tukiwa tumekaa nje kwenye mkeka, kama kufuli limepotea. "Halijapotea," alisema. "Siku hizi halina haja." Sijui kama nimewahi kusikia sentensi yenye huzuni kuliko hiyo, na aliisema huku akimfukuza kuku.

Mtihani ulikuja, matokeo yakaja. Shule yetu ilipanda, picha ya Madam ikatundikwa, na mwaka uliofuata alihamishiwa shule kubwa zaidi. Mimi nilipata B kasoro iliyojikongoja hadi chuo kikuu. Rispa alipata C yenye alama ya jumlisha, ambayo siku zile ilitosha kuambiwa umefaulu na haikutosha kuitwa chuo kikuu na serikali. Alikwenda chuo cha ualimu wa shule za msingi, akarudi Magunga, akaolewa na fundi wa mashine za kusaga, akafundisha. Anafundisha mpaka leo. Wanawake wa kwao walishuka bonde kufuata maji kwa miaka mingine mingi, mpaka mradi ulipoletwa na wageni. Bomba lao liliharibika mwaka wa pili. Niliandika habari hiyo pia.

Basi Jumamosi ile nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango wa bwalo jipya. Mwenyekiti wa sherehe alisoma majina ya watahiniwa wa kila mwaka, mwaka mmoja baada ya mwingine, nao waliokuwapo wakasimama na kupigiwa makofi. Ulipofika mwaka wetu nilisimama. Jina la Rispa halikusomwa, si kwa sababu hakuwapo, bali kwa sababu hakufanyia mtihani pale. Kwa vitabu vya shule miaka yake mitatu ilikuwa haijatokea. Kwa wale waliotajwa na hawakufika, mwenyekiti alisema kwa kicheko, wajue wenyewe, kwani mwenye moyo hufika. Kisha akamkaribisha mgeni wa heshima, Profesa Kiilu. Amekuwa na mvi, amenenepa vizuri, na viatu vyake bado vinang'aa. Alisema alianzia utafiti wake katika shule hii hii, na kwamba baada ya kuzunguka nchi nzima bado anaamini alichokigundua hapa: kinachompeleka mtoto chuo kikuu ni kile anachokifanya wakati hakuna anayemlazimisha. Walimpigia makofi kwa kusimama. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia mapajani.

Wakati wa chakula nilimfuata, kwa tabia ya kazi. Alinikumbuka mara moja. "Wewe ndiye wa chai," alisema, "na maswali." Nikamuuliza kama anamkumbuka yule wa ufunguo. Uso wake uling'aa vile vile kama zamani. "Namkumbuka? Nimewasimulia wanafunzi wangu habari zake miaka yote! Ndiye mfano wangu wa jinsi malezi ya nyumbani yanavyoweza kumfungia mtoto mlango. Ufunguo anao mwenyewe, halafu anampa mtu mwingine. Huwa wananyamaza kimya nikifika hapo." Nilimuuliza kama anajua aliishia wapi. Alidhani aliolewa mapema. Nikamwambia aliolewa, na anafundisha Magunga. "Kumbe alifaulu," akasema, akafurahi kwa dhati, akanishika mkono, na mtu mwingine akamvuta kwa picha. Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu nilipokuwa na birika mkononi. Lakini nilikwisha kumwambia mara moja, na alikuwa amelifanyia kazi.

Nilitoka kutafuta hewa, nikapita nyuma ya madarasa. Watahiniwa walikuwa ndani, wameinama, muziki wa sherehe ukiwapitia juu ya vichwa. Kulikuwa na viti vichache vitupu. Mwalimu kijana alikuwa amekaa mlangoni na simu yake. Nilimsalimia, nikamuuliza kama hata leo wanasoma. "Ni hiari tu, Mama," alisema, akisimama kwa heshima. "Hatumlazimishi mtu." Kisha akatabasamu, kama anayenipa siri ya kazi. "Lakini asiyekuja tunamjua."

Nilirudi Homa Bay kwa barabara ya Rongo na kusubiri. Simu ya Rispa huzimwa Ijumaa jioni, na nimejifunza kuingoja kama wanavyongoja wao. Jua lilipomalizika nyuma ya ziwa nilipiga, akapokea papo hapo. "Sabato imeisha," alisema badala ya salamu. "Sasa niambie, nani amenenepa?" Nikamweleza. Alitaka kujua kuku walitosha au walimezwa na wageni wa heshima, bwalo lina sakafu ya namna gani, Beryl alisema nini. Sikumtaja Profesa. Alicheka mahali pa kucheka, kisha akashusha sauti, na hapo nilijua hakuwa amengoja simu yangu kwa ajili ya kuku. Alisema Achieng, kitindamimba wake, anamaliza gredi ya tisa na anataka njia ya sayansi. Hamsikilizi mtu, amejaza nyumba nyaya na betri. Shule aliyoiandika ya kwanza ni yetu. Chaguo linapelekwa Jumatatu. "Wewe umefika leo, umeona kwa macho," alisema. "Nyar Kadem, bado wanasoma Jumamosi?"

Nilimwambia wanasema ni hiari.

"Na asiyekwenda?"

"Wanamjua," nikasema.

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini, na mlango. Hakuniuliza zaidi. Alimwita binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwagiza chumvi, akamwambia alete jina la ile shule ya pili. Nikamsikia Achieng akija, akisema kutoka mbali kwamba ya pili ni ya kutwa, mama, haina maabara.

"Najua," Rispa akamwambia. "Lete."